Simu ya Zamu ya Bi Eufrasia Kasmiri

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Kituo chetu, Mkurugenzi, Baba Paroko na Sheikh wetu, mliotufungulia shughuli hii kwa sala na dua, wakuu wa idara, wawakilishi wa vyama vya wakulima, wafugaji na wavuvi, wafanyakazi wenzangu, Mzee Donati na familia yote ya Bi Eufrasia, mabibi na mabwana. Wakubwa zangu, shikamooni. Wengine wote, poleni na safari na karibuni sana.

Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni 2025, Bi Eufrasia Kasmiri, Mkuu wa Kitengo cha Seva katika Kituo cha Takwimu za Maji na Mazao hapa Ifakara, atastaafu kwa mujibu wa sheria, baada ya utumishi wa takriban miaka thelathini na miwili. Simu mnayoiona juu ya kitambaa cha meza kuu si zawadi yake. Ni simu yake mwenyewe, tumeiazima. Seva zetu zikipata shida, hiyo ndiyo inayolia, na mpaka mchana huu hakuna nyingine. Tutairudia kabla ya chakula.

Bi Eufrasia alizaliwa Mbingu, katika nyumba ya mkulima wa mpunga. Aliajiriwa Septemba 1993 akiwa karani wa takwimu, na kazi yake ilikuwa kunakili vipimo vya kina cha mto vilivyoletwa hapa kwa baiskeli, mara nyingine vikiwa vimelowa kuliko mto wenyewe. Baada ya miaka michache Kituo kilimpeleka Dar es Salaam kusomea kompyuta. Alirudi na cheti na mazoea ya kuuliza maswali. Waliosoma naye shule ya msingi wanatuhakikishia kwamba hayo mazoea aliondoka nayo hapa hapa.

Seva yetu ya kwanza ya Unix ilishuka stesheni ya TAZARA ikiwa imeviringishwa blanketi kama mtoto mchanga. Wageni wetu ambao hawaishi na mashine hizi wataniruhusu niseme kwamba seva ni kompyuta inayozihudumia nyingine. Kwetu sisi, ndiyo inayopokea vipimo vya mito na kuwatumia watu wa bondeni ujumbe wa simu maji yanapopanda. Mzee Fidelis, wakati huo mtunza stoo wetu, na leo yupo nasi safu ya pili, aliizunguka ile mashine mara kadhaa, akakosa pa kuitazama.

“Dada Eufrasia,” akasema, “hii haina uso. Ikiumwa tutajuaje?”

“Ndiyo kazi niliyokwenda kusomea.”

“Na ikidanganya?”

“Hiyo hawakutufundisha.”

Ningeweza kuishia hapo na kukaa, maana utumishi wote wa Bi Eufrasia umekuwa jibu la maswali hayo mawili. Lakini Mkurugenzi amenipa muda, nami nitautumia.

Kwa miaka ya mwanzo hakuhitaji chombo chochote cha kununua. Unix huja na amri zake fupi za kujitazama, na yeye alizijua kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani. Kila asubuhi, akishawaamkia wakubwa wa ofisi, aliingia chumba cha seva, akaandika amri ya uptime, ambayo hueleza mashine imekuwa macho tangu lini na ina foleni ya kazi ya urefu gani. Ofisi nzima iliiita ile amri shikamoo ya Eufrasia. Alipotoka, mtu hakukosa kumwuliza, “Imeitikia marahaba?” Naye alijibu kwa uso mkavu, “Imeitikia, ila leo sauti nzito.” Saa chache baadaye tuliona ripoti zinachelewa, tukajua ile sauti nzito haikuwa utani.

Aliyafanya hayo hata siku ambazo mashine haikuwa na neno. Vijana wa kitengo walipolalamika kwamba anawapotezea muda kwa kupima kitu kizima, aliwaambia kwamba mganga asiyemjua mtu akiwa na afya hatamjua akiugua. Kwa sababu hiyo sharti lake la kwanza kwa chombo chochote cha kuangalia seva lilikuwa chombo chenye kumbukumbu: kikwambie mashine ikoje sasa, na pia kikwambie ilikuwaje wiki jana saa kama hii. Uongozi ulipokaribia kuagiza seva mpya kwa kuwa ya zamani ilikuwa nzito kila Jumatatu, ni kumbukumbu hizo zilizoonyesha kwamba prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa imekaa tu inasubiri diski, na diski ilikuwa inahangaika kwa sababu kila idara ilinakili ripoti zake za wiki saa ile ile. Dawa ikawa kupanga zamu za kunakili. Idara ya Uhasibu ikapewa Jumanne, na imelalamika hadi leo.

Ndugu zangu, sherehe ya mtu tunayempenda haipaswi kumgeuza malaika. Bi Eufrasia mwenyewe ameniagiza nisiruke sehemu inayofuata, akasema nikiiruka atasimama aisimulie yeye, na ataisimulia kwa urefu.

Alikwenda Arusha kwenye semina, akarudi amependa. Alichokipenda ni chombo kikubwa cha kuangalia seva, chenye grafu za kila rangi. Tulikifunga. Tukanunua skrini pana, tukaitundika mapokezi, na wageni wakawa wanapigwa picha mbele yake. Kila idara ikaomba grafu yake. Utawala ukataka grafu mbili. Chombo kikawa kinaipima seva kila baada ya sekunde chache, kinaandika kila kitu, na kinayaweka maandishi hayo ndani ya diski ya seva ile ile inayopimwa.

Ikaja masika. Maji yakapanda, na vipimo kutoka kwenye vijito vya Udzungwa vikafika kwetu kama kawaida. Skrini ya mapokezi ilikuwa ya kijani kuanzia juu hadi chini. Asubuhi moja akaingia Mzee Sayi, mfugaji wa tambarare ya mto, tope magotini na fimbo mkononi. Alisalimia kila mtu kwa zamu yake kama anavyostahili, akaketi, akanywa maji, ndipo akasema.

“Nimekuja kuwapa pole. Nilidhani hapa kuna msiba, maana simu zenu zimenyamaza.”

Tukatazamana. Akainua fimbo akaielekeza kwenye skrini. “Na hicho cha kijani ni nini?”

“Kinaonyesha kwamba mashine ni nzima, baba,” Bi Eufrasia akamjibu.

“Ahaa. Basi mashine ni nzima, na mimi ng’ombe wangu wako majini. Kati yake na mimi, mwongo ni nani?”

Kwa rehema za Mungu, wavuvi wa jirani walikuwa wamekwisha kutoka na mitumbwi yao, na siku ile wafugaji na wavuvi, ambao si kila siku wanaelewana kuhusu nyasi na nyavu, waliswaga ng’ombe pamoja hadi mahali pakavu. Ndama mmoja hakuonekana tena. Mzee Sayi hakutudai kitu. Alisema tu kwamba angependa kujua alikufa kwa kosa gani.

Bi Eufrasia aliingia chumba cha seva na kuandika amri ya df, ambayo kazi yake ni kusema diski imejaa kiasi gani. Diski ilikuwa imejaa yote. Ujumbe wa onyo ulikuwa umepangwa foleni ukisubiri nafasi ya kuandikwa, na nafasi ilikuwa imeliwa na chombo cha kuangalia. Nacho hakikusema uongo kwa maana yake. Kiliulizwa kama mashine ina pumzi na kama prosesa imechoka, kikajibu. Hakuna aliyekiuliza kama ujumbe umemfikia mtu.

Katika kikao cha wafanyakazi cha mchana ule hakumtaja muuzaji wala fundi. Alisimama akasema, “Mimi ndiye niliyewakaribisha wageni wa kumwona mgonjwa. Wamekalia kitanda chote, wamekunywa uji wake, na wakitoka nje wanatuambia anaendelea vizuri.” Kisha akaenda mapokezi na kuizima skrini kwa mkono wake. Leo mnaona tumeifanya ya kutazamia mpira, na kwa kazi hiyo haijawahi kutuangusha.

Hapo ndipo ilipozaliwa desturi ambayo vituo vingine vimekuja kuiiga kwetu, nayo ni posa. Tangu mwaka ule, chombo cha kuangalia seva hakiingii nyumba hii kwa sababu kina sura nzuri au kwa sababu mkubwa amekipenda. Kinaletwa na mshenga, yaani muuzaji wake. Mshenga anakaa kiti cha upande wa mlango, na wanaokaa kumhoji hawatoki kitengo cha seva peke yake. Yupo mhasibu, yupo mtu wa mashamba, yupo mlinzi wa zamu. Maswali ni yale yale. Anayeletwa anakula kiasi gani, maana seva yetu haikujengwa kumlisha mlinzi wake. Analala wapi, kwa sababu kumbukumbu zake hazitakaa tena kwenye diski ya mgonjwa. Umeme ukikatika na mtandao ukipotea, atapiga kelele kwa njia gani, na kimya chake tutakielewaje? Wewe mshenga ukisharudi kwenu, sisi wenyewe tutaweza kumsoma? Na mwisho, akiita, anamwita nani, na huyo mtu atafanya nini?

Mshenga akijibu vizuri, bwana harusi bado hajaoa. Anakaa kwenye seva ya akiba masika nzima, tunamtazama anavyoishi na watu.

Wapo washenga walioondoka wamenuna. Bwana Steven, kijana mtanashati aliyetoka Dar es Salaam, alituonyesha picha nzuri kwa muda mrefu, hadi Bi Luciana wa Uhasibu akaweka kalamu chini. “Mshenga,” akamwambia, “sura ya bwana harusi tumeiona, na suti yake tumeiona. Hujatuambia anakula nini.” Bwana Steven akacheka, akakiri kwamba hajawahi kuulizwa swali hilo mahali popote. Nami nina furaha kusema kwamba alirudi mwaka uliofuata akiwa amekiacha kile kikubwa nyumbani, ameleta kidogo, chepesi, kinachopima mara chache na kutunza kumbukumbu kwenye mashine ya pembeni yenye betri ya sola. Kilikaa masika nzima kwenye seva ya akiba. Ndicho tunachokitumia hadi leo, na Bwana Steven ametutumia salamu za leo kwa jina la mshenga.

Lakini swali la Mzee Sayi lilikuwa halijajibiwa: ujumbe umemfikia mtu? Bi Eufrasia aliwaza, akaona kwamba hakuna kipimo ndani ya chumba cha seva kinachoweza kuona mpaka tambarare ya mto. Akafunga safari kwenda kwa Mzee Sayi. Akamwomba ruhusa kwamba kila alfajiri seva imtumie salamu, ikipita njia ile ile inayopita maonyo, naye aijibu. Asipojibu mpaka jua limepanda, tutajua kuna kitu kimekatika, hata kama mashine zote zinajisifu.

Mzee Sayi akauliza, “Itaniandikia nini?”

“Unapenda ikuandikie nini, baba?”

“Hiyo mashine na mimi, mkubwa ni nani?”

“Ni wewe.”

“Basi iniamkie.”

Hivyo, mabibi na mabwana, chombo muhimu kuliko vyote tulivyovichagua ni shikamoo inayotoka Ifakara kila alfajiri, na marahaba inayorudi. Kuna siku haikurudi. Tulifungua mitambo, tukapanda mnara, tukawapigia watu wa mtandao wa simu, na karibu tumwite fundi kutoka Morogoro, kumbe Mzee Sayi alikuwa mnadani na simu ameiacha kwa mkewe, naye mama akasema hawezi kuitikia salamu isiyo yake. Tangu hapo salamu inakwenda pia kwa Bi Merina wa Kisawasawa, mkulima wa mpunga, ambaye huitikia kwa maneno mengi na kuuliza hali ya watoto. Kitengo kimeona haya kutomjibu. Kwa hiyo kila asubuhi yupo mtumishi mmoja wa Kituo anayemweleza Bi Merina kwamba watoto hawajambo.

Masika zilizofuata zimekuwa na maji mengi na simanzi chache. Maonyo yamefika Mbingu na Kisawasawa, yamefika Lipangalala vijito vilipofurika mjini, na zaidi ya yote yamefika mapema, mtu akapata muda wa kuinua magunia na kuhamisha mifugo kwa hatua ya kawaida badala ya kukimbia. Wageni wanapotuuliza tulitumia chombo gani, tunawatajia jina lake, na tunawaambia jina hilo halitawasaidia kitu kama hawatakipitisha kwenye posa.

Sasa niseme jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Katika kila posa, swali la mwisho lilikuwa lile lile: akiita, anamwita nani? Na katika kila posa Bi Eufrasia alijibu, “Mimi.” Wengine tulishusha pumzi, tukaenda kunywa chai. Miaka imepita, vyombo vimebadilika, na jibu limebaki moja. Simu hii imelia kanisani katikati ya mahubiri. Imelia shambani wakati wa kuvuna. Siku ya kumuaga Stefania, binti yake, kwenda kuolewa, mama wa bi harusi alitafutwa ukumbi mzima akate keki, akapatikana nyuma ya jiko, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa na kitenge chake kipya, kompyuta mapajani, anazungumza na diski. Mzee Donati, ambaye uvumilivu wake unastahili cheti chake mwenyewe, aliwahi kutuambia hapa hapa Kituoni, “Mimi sina mke mzima; nina nusu tu, na hiyo nusu ina chaji.”

Mwezi uliopita, alipokuwa akikabidhi kazi, vijana wa kitengo walimwahidi kwamba hakuna kitakachobadilika. Walimaanisha wema. Yeye akasikia kitu kingine. Akawaambia, “Tumechagua vizuri vyombo vya kuangalia. Watu wa kuangalia hatujawachagua.” Nyumba anayokwenda kuishi iko Mbingu, kwenye mashamba ya baba yake, na huko mtandao hupatikana ukisimama juu ya kichuguu kimoja, tena ukielekeza uso barabarani. Namba yake ikibaki katika mfumo wetu, mawili yatatokea. Ama atazeeka amesimama juu ya kichuguu, ama siku moja atashuka kwenda kula, na siku hiyo Mzee Sayi atakuja tena kutupa pole.

Bi Eufrasia, kwa niaba ya Bodi, Mkurugenzi na wafanyakazi wote, tunakushukuru. Tunakushukuru kwa kuwa mkali bila kuwa mkatili, na kwa kutufundisha kwamba kuuliza si dharau. Mzee Donati, nanyi watoto, asanteni kwa kutuazima mama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa haki yetu. Zawadi ya wafanyakazi, mashine ndogo ya kupuria mpunga, imekwisha kutangulia Mbingu. Haijaunganishwa na chochote. Ikiharibika italia yenyewe, nawe utaisikia ukiwa kivulini. Tunakuombea afya, mpunga unaoitika, usingizi usiokatizwa, na uzee wenye wajukuu wengi na salamu za watu halisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa idhini yako natangaza uamuzi wa Bodi, ambao utekelezaji wake uko mikononi mwa mkutano huu na si mwa ofisi yoyote. Leo, kabla ya kunawa mikono, namba ya Bi Eufrasia itaondolewa katika mfumo wa maonyo. Mahali pake zitaingia namba mbili za zamu ya kwanza, moja kutoka kitengo cha seva na nyingine kutoka idara ya mashamba, na zamu hiyo itazunguka idara zote, Uhasibu wakiwemo. Wakuu wa idara, mmekaa na watu wenu hapa hapa. Tafadhali inameni, shaurianeni, na majina yaletwe mezani. Wanaotajwa wasimame tuwaone, nao Mzee Sayi na Bi Merina wawaone, maana ndio watakaowaitikia kuanzia kesho alfajiri. Wali uko tayari, samaki wetu wa kitoga naye yuko tayari, na wapishi wameelezwa wasubiri.

Majina yakishaingizwa, tutatuma onyo la majaribio. Simu mbili zitalia humu ukumbini, na wenye nazo watapokea kwa sauti, kila mtu asikie. Hii iliyo mezani tutaiacha hapo hapo, mbele ya Mgeni Rasmi, imewashwa na sauti imepandishwa hadi mwisho. Ikinyamaza, Bi Eufrasia atakuwa amestaafu, nasi tutampa simu yake aende kula.